Sailensi Iliyopanda Getini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika getini kabla mlinzi hajafungua, nikaanza kuwaza kama kufika mapema kupita kiasi hakutachukuliwa kuwa kiburi. Nikaondoka, nikazunguka soko la Shinyanga, nikanunua karanga nisizozitaka, na niliporudi nikawa nimechelewa. Fundi Mkuu alikuwa amekwisha kuwapanga mafundi kwenye mstari wa asubuhi.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa chuoni?"

Nikasema ndiye mimi, kisha nikamweleza habari ya karanga. Hakuwa ameniuliza. Mafundi wakacheka, naye akaninyooshea kidole kilichojaa grisi.

"Simama pale kwenye lori, Profesa. Usishike kitu. Sikiliza tu."

Jina la Profesa likanishika tangu hapo. Nilisimama kando ya lori lililokuwa likinguruma polepole, nikasikiliza hadi jua likapanda, huku nikijiuliza kama ninasikiliza kwa namna inayotakiwa. Mwishowe Fundi Mkuu alikuja akaniuliza nimesikia nini. Nikasema, injini. Akasema, "Hapana. Umesikia sailensi. Injini ni chuma. Sailensi ni afya yake."

Nyinyi vijana mnaosoma haya huenda mnalijua neno hilo, lakini nilieleze. Sailensi ni mwendo wa injini gari likiwa limesimama na mguu wa dereva haupo kwenye pedeli ya mafuta. Ikiwa chini sana, injini hutetemeka na kuzimika. Ikiwa juu sana, injini hulia kama inayokimbizwa, hula mafuta bure, na gari huwa na haraka ambayo dereva hakuiomba. Katika magari ya kabureta, yaani yale yenye kikombe cha kuchanganyia petroli na hewa, fundi alirekebisha sailensi kwa bisibisi na sikio. Fundi Mkuu alikuwa na sikio la namna hiyo. Aliweza kukaa kibandani akinywa chai na kupaza sauti kwamba gari la tatu plagi moja haichomi.

Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Mimi nilitoka Ushirombo, kwa wakulima waliotarajia niwe padri au, ikishindikana, mwalimu. Nilikuwa na stashahada ya ufundi wa magari na tabia ya kuliwaza kila jambo mpaka lipoteze sura. Nilikaza nati, nikaondoka, nikarudi kuikagua, kisha nikaogopa kwamba kwa kuikagua nimeilegeza. Mwajiri wetu alikuwa mradi wa kutafuta dhahabu. Hatukuchimba dhahabu yenyewe. Wataalamu wa mradi walitoboa ardhi kwa mitambo, wakatoa vipande virefu vya mwamba ili kujua kilichomo chini. Kazi yetu ya karakana ilikuwa kuhakikisha mitambo, malori na magari yao yanatembea, katika nchi ya vumbi, maji ya chumvi na vipuri visivyopatikana.

Mwaka uliofuata mradi uliihamishia karakana Kahama, ili tuwe karibu na kambi ya Geita, walikokuwa wakitoboa ardhi. Tulihama wote, Fundi Mkuu akiwa mbele ya msafara na mimi nyuma, juu ya shehena ya matairi. Ni Kahama ndipo lilipotufikia gari ninalotaka kulisimulia.

Lilikuwa gari dogo la kifahari, jeupe, zawadi ya wafadhili kwa ajili ya Meneja wa mradi. Halikuwa na klachi, kwani gia zake zilijibadilisha zenyewe. Dereva aliweka mkono wa gia mahali pa kwendea, akaachia breki, gari likaanza kujongea. Ajabu kubwa zaidi ilikuwa chini ya boneti. Halikuwa na kabureta. Petroli ilipulizwa na nozeli, kama ilivyo kwa injini za dizeli, na hewa ilipimwa na kibao chepesi kilichosukumwa na upepo wa kuingia. Chuoni tulikuwa tumechorewa mfumo huo ubaoni mchana mmoja, na mwalimu alituambia tusijali, hatutauona. Mafundi walilizunguka gari lile kama watu waliofika msibani kwa marehemu wasiyemjua.

Dereva aliyekabidhiwa alikuwa Mzee Shabani, ambaye wengi tulimwita Baba Mwajuma. Alikuwa mwenyeji wa Nyasubi, mtaa wa hapo Kahama, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani akaoa Mnyamwezi na asirudi tena. Alivaa kofia iliyopigwa pasi hata siku ya kubadilisha tairi. Katika miaka yote ya kuendesha malori hakuwahi kugonga hata mbuzi, na kwa barabara zetu hilo si jambo dogo. Alibakiza muda mfupi tu astaafu.

Kisha gari likaanza kuruka.

Mara ya kwanza alikuwa ametumwa kambini Geita kumchukua Meneja. Aliondoka alfajiri, akafika getini, akasimama, akasubiri mlinzi ainue mti wa kuzuia. Alipolegeza breki ili gari lijongee, likachupa mbele na kuupinda ule mti. Watu walicheka, yakaisha. Mara ya pili haikuwa ya kucheka. Siku hiyo mlinzi alikuwa amekwisha kufungua, Mzee Shabani akaingia hadi mbele ya banda la sampuli, akasimama, akaweka gia huru. Alipoirudisha gia ili asogee kivulini, gari likaruka na kuvamia masanduku.

Masanduku yale yalikuwa ndiyo kazi ya mradi. Kila sanduku lilikuwa na vipande vya mwamba vilivyolazwa kwa mpangilio, kimoja baada ya kingine, kama vilivyotoka ardhini, ili mtaalamu ajue kipande hiki kilikuwa kina gani. Gari liliyaangusha, vipande vikamwagika na kuchanganyika. Mwamba haujui kusema ulitoka wapi. Mtaalamu wa kambi, mtu mpole, alikaa chini mavumbini akawa anaokota jiwe moja moja na kulirudisha chini.

Jumatatu yake Meneja alikuja mwenyewe kwenye mstari wa asubuhi. Alisema mbele yetu sote kwamba Ndugu Shabani anaondolewa kwenye usukani, na kwamba juma lijalo Ofisa Utumishi atalipeleka shauri lake kwenye kikao ili afukuzwe.

"Amezoea malori," Meneja alisema. "Anakanyaga mafuta akidhani ni breki. Umri nao umefika. Tusidanganyane."

"Ndugu Meneja," Mzee Shabani akasema, "mguu wangu ulikuwa kwenye breki. Injini ilipanda yenyewe."

"Nimepanda gari hilo kutoka kambini hadi hapa siku zote mbili. Halikupanda hata kidogo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomwangamiza mzee. Fundi Mkuu naye alikuwa amelikagua. Aliliwasha karakana, akaliacha lipate moto, akasikiliza. Sailensi ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Akafunga boneti.

"Gari zima," akasema. "Kilichochakaa ni dereva."

Vijana wakacheka. Mzee Shabani alivua kofia, akaikung'uta japo haikuwa na vumbi, akaivaa tena, akatoka getini kwa miguu.

Nilishindwa kulala vizuri, nami nilishazoea kushindwa kulala, lakini safari hii nilikuwa na sababu. Niliona mambo mawili yasiyopatana. Mtu ambaye hajawahi kugonga mbuzi amegonga mara mbili kambini palepale. Na gari linaloruka kambini haliruki Kahama. Ikiwa kosa ni mguu wa mzee, kwa nini mguu ule haukukosea sokoni Nyasubi, penye baiskeli, kuku na mikokoteni? Niliuliza swali hilo kichwani kwa namna nyingi, kisha nikatambua kwamba mtu pekee mwenye majibu hatujamwuliza lolote. Tulikuwa tumemhukumu tu.

Jioni nikaenda kwake. Nilipita mbele ya nyumba, nikarudi, nikapita tena, mpaka mkewe akatoka barazani.

"Wewe kijana, umepoteza kitu hapa mtaani?"

"Hapana, Mama Mwajuma. Shikamoo. Namtafuta mzee."

"Marahaba. Basi ingia. Unatuchoshea njia."

Mzee Shabani alinikaribisha kahawa. Nikamwuliza gari linaanza kupanda wakati gani hasa. Alinitazama kwa muda, kama anayepima kama nimetumwa.

"Asubuhi," akasema. "Nikitoka mbali. Mjini halifanyi. Pale karibu na kambi kuna mteremko mrefu, unaondoa mguu kwenye mafuta kabisa, gari linashuka lenyewe. Nikifika chini nikisimama, linalia. Nikiliacha linalia hivyo kwa muda, linatulia pole pole, lenyewe. Meneja akija, limeshatulia."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia linapanda. Hawakuniuliza linashuka lini."

"Na joto, mzee? Mshale wa joto unasemaje?"

"Chini kabisa. Gari lile halijui kuchemka. Hilo tu ndilo jema lake."

Nikaandika kichwani kwamba joto si tatizo, nikaliweka pembeni. Niliona nimepata faida: jambo moja la kutowaza.

Nilimwomba Fundi Mkuu ruhusa ya kulipeleka gari kambini na mzee akiwa abiria. Alikataa, kisha akakubali, nadhani ili niache kusimama mlangoni pake. "Liendeshe wewe," akasema. "Yeye asiguse usukani. Na ukigonga sanduku, Profesa, shauri litakuwa la watu wawili."

Tuliondoka alfajiri ya kipupwe, upepo ukiwa wa baridi. Njiani nilimsumbua mzee kwa maswali hadi akajifanya amesinzia. Tulishuka mteremko, nikasimama mbali na banda la sampuli, nikaweka gia huru na kuondoa miguu yote miwili kwenye pedeli. Injini ikapanda. Ililia kwa sauti nyembamba ya juu, na hakuna mtu aliyeigusa.

Mzee Shabani alitazama miguu yangu sakafuni, kisha akatazama nje dirishani, akapangusa macho.

Sasa nieleze nilichofanya, maana kazi ni hiyo. Injini ikiwa kwenye sailensi, kilango kikuu cha hewa, kile kinachofunguliwa na pedeli, huwa kimefungwa. Ikipanda, maana yake kuna hewa inayopita mahali pengine. Kwanza nilishika waya wa mafuta, kebo inayotoka kwenye pedeli. Ulikuwa na ulegevu wake wa kawaida, haukunasa. Pili nilidondoshea maji kwenye kila kiungo cha mipira ya hewa. Kama mpira umepasuka, maji hunyonywa na sauti hubadilika. Haikubadilika. Tatu, nilitafuta mpira mwembamba unaokwenda kwenye kijilango cha pembeni ambacho mwalimu wetu aliita choki inayojiendesha. Injini ikiwa baridi, kijilango hicho hukaa wazi, hupitisha hewa ya ziada, na kibao cha kupimia kikiiona hewa hiyo, petroli nayo huongezwa. Ndiyo maana gari huamka kwa kishindo asubuhi bila kuvutwa choki. Maji ya injini yakipata moto, hupita karibu na kijilango, nacho hujifunga. Niliubana mpira ule kwa koleo.

Sauti ikashuka hapo hapo. Nikaachia, ikapanda. Nikabana, ikashuka. Nilicheza hivyo mpaka mtaalamu wa kambi akaja kuuliza kama nina akili timamu.

Nikarudi Kahama na furaha ya mtu aliyemaliza. Kijilango ni kibovu, kinakaa wazi wakati kinapaswa kujifunga. Nilikifungua, nikakipeleka kwa Mama Kulwa, aliyetupikia chakula nyuma ya karakana, nikamwomba maji ya moto ili nikithibitishe.

"Hicho kidude hakiingii kwenye sufuria yangu," akasema Mama Kulwa. "Wiki iliyopita ulichemsha beringi."

"Niliiosha."

"Uliiosha kwa petroli. Watu walikula ugali unaowaka."

Alinipa kopo la zamani, nikakichemsha humo. Nilipokitoa nikachungulia. Kilikuwa kimejifunga kabisa. Nikakiacha kipoe, kikafunguka. Nikakirudisha, kikajifunga. Kijilango kilikuwa kizima kuliko mimi.

Nilikaa juu ya gogo la kuni na kuanza kuwaza vibaya. Niliwaza mwinuko wa nchi kutoka usawa wa bahari. Niliwaza petroli ya Geita. Niliwaza, Mungu anisamehe, kama dhahabu iliyo ardhini inaweza kuvuta chuma. Mama Kulwa alihitaji moto wake kwa ajili ya maharage, akaliteremsha kopo langu chini. Baadaye nikakumbuka kipuri kimebaki humo, nikakitoa. Maji yalikuwa yamepoa, lakini si baridi, ya kumwogeshea mtoto. Na kijilango kilikuwa wazi nusu.

Hapo ndipo niliacha kukiwaza kijilango, nikaanza kuyawaza maji. Kijilango hakijui kwamba gari limetoka mbali. Kinajua maji tu. Ikiwa mwisho wa safari ndefu kipo wazi, basi mwisho wa safari ndefu maji ya injini ni vuguvugu. Mzee alikuwa ameniambia. Mshale chini kabisa. Sote tuliliona jambo hilo kuwa ni afya, kwa sababu katika nchi yetu gari lilikuwa likiogopwa kuchemka tu. Hakuna aliyewahi kuogopa injini kusikia baridi.

Nikamwendea Fundi Mkuu.

"Fundi, themostati ya lile gari jeupe iko wapi?"

"Kwenye kopo," akasema, bila kuinua macho. "Niliitoa siku lilipofika. Zote natoa."

Themostati ni kizibo kidogo cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta, yaani kipoza maji. Injini ikiwa baridi huziba, maji hayaendi kupozwa, injini ipate moto haraka. Ikifika joto lake, huzibua. Fundi Mkuu alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa themostati za magari yote yaliyowahi kupita mikononi mwake. Msiseme alikuwa mjinga. Karakana nyingi zilifanya hivyo, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo. Maji yetu ya chumvi yalizifanya zigande zikiwa zimeziba, na kizibo kikiganda, injini huchemka na kupasuka kichwa.

"Nikiwa kijana," akaniambia, "lori lilinifia karibu na Kolandoto kwa ajili ya kitu kama hicho. Lilikuwa limebeba wagonjwa kuwapeleka hospitali. Nilimbeba mama mmoja mgongoni. Tangu hapo nikasema hakitakaa kidude hicho kwenye gari langu. Sasa unataka kuniambia nini?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho. Nilisema katika malori ya dizeli hakuna lililoharibika kwa kuitoa, ila gari hili hupima joto la maji ili lijue kama limeamka au bado. Bila kizibo, barabarani upepo wa alfajiri unapoza maji kupita kiasi, na kwenye mteremko ule injini haifanyi kazi yoyote, inapoa zaidi. Likifika chini linajiona limeamka sasa hivi, linafungua choki yake. Likisimama karakana bila upepo, au likirudi mchana wa jua, linapata joto na kutulia. Ndiyo maana kila aliyelikagua hapa aliliona zima.

Mafundi wawili walikuwa wameacha kazi wakitusikiliza. Uso wa Fundi Mkuu ukabadilika.

"Kwa hiyo Shabani hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Niliogopa kwamba nikiwa sahihi nimemvunjia heshima mtu aliyenifundisha kusikia, na kwamba nikikosea mzee wa Nyasubi amekwisha. Kikao kilikuwa kesho kutwa. Nikasema kitu pekee nilichokiona hakimwumizi mtu.

"Tusiweke themostati, Fundi. Tuanze na boksi."

"Boksi?"

"Boksi la karatasi. Kesho asubuhi uliendeshe mwenyewe hadi Kagongwa bila kitu. Kisha tuweke boksi mbele ya rejeta kuzuia upepo, urudi. Kama nimekosea, sailensi itakuwa ileile kwenda na kurudi."

Akafikiri. "Boksi halimtetei mtu," akasema. "Haya."

Asubuhi Fundi Mkuu alikaa kwenye usukani, mimi pembeni, Mzee Shabani nyuma, kofia magotini. Tukaenda hadi Kagongwa. Fundi Mkuu alisimama kando ya barabara, mbele ya kibanda cha muuza vitumbua, akaweka gia huru. Injini ikapanda na kulia. Muuza vitumbua akageuka.

Fundi Mkuu alisikiliza, kichwa kimeinama upande. Kisha akakanyaga breki kwa kawaida yake, akarudisha gia, akaulegeza mguu kidogo. Gari likachupa. Likasimama hatua chache tu kutoka kwenye karai la mafuta, maana breki aliikanyaga kwa nguvu zote.

"Wazee wazima," muuza vitumbua akasema, "si mseme mnataka vitumbua."

Tulinunua vitumbua. Hatukuwa na namna. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaushika mpira mkubwa wa juu wa rejeta, ule ambao kwa gari lililotoka safari unaunguza. Nikamwomba Fundi Mkuu aushike. Mkono wake ulikaa pale, ukakaa, wala hakuuondoa. Baadaye alinitazama, akaenda mwenyewe kuomba boksi kwa muuza vitumbua.

Tulirudi Kahama na boksi mbele ya rejeta, mshale wa joto ukiwa umepanda hadi katikati. Getini kwetu akasimama, akaweka gia huru. Sailensi ilikuwa chini, imetulia. Akarudisha gia, akaachia breki, gari likajongea taratibu kama mzee anayekwenda msikitini.

Fundi Mkuu hakushuka upesi.

"Shabani," akasema, akitazama mbele. "Kule Kagongwa mguu wangu ulikuwa kwenye breki."

"Niliuona."

"Na bado liliruka."

"Ndivyo huruka," Mzee Shabani akasema. "Mara ya kwanza mtu hushtuka."

Mchana huo tuliitafuta themostati kwenye kopo, tukaichemsha kwa Mama Kulwa kuhakikisha inazibuka, tukaifunga. Siku ya kikao Fundi Mkuu alivaa shati jeupe, akaingia ofisini kwa Meneja kabla hajaitwa. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa nimetayarisha maelezo marefu, yenye utangulizi. Hayakuhitajika.

"Ndugu Meneja," akasema, "karakana ilitoa kipuri kwenye gari lako. Mimi ndiye niliyeamuru. Kipuri hicho ndicho kilichogonga masanduku. Dereva hakugonga."

Meneja aliuliza maswali mengi, na Fundi Mkuu akayajibu yote bila kunitazama. Mwishowe Meneja akachukua ufunguo mezani, akamnyooshea Mzee Shabani, aliyekuwa ameitwa kikaoni, akasema shauri limefutwa na arudi kazini.

Mzee Shabani hakuupokea.

"Nashukuru, Ndugu Meneja," akasema. "Lakini hukunitoa kazini humu ofisini. Ulinitoa kwenye mstari, vijana wakacheka. Wajukuu wangu wanasoma na watoto wa vijana hao."

Ofisa Utumishi alikohoa. Meneja alibaki ameushika ufunguo hewani, na kwa kitambo niliogopa kwamba mzee ameharibu yote kwa neno moja. Kisha Meneja akaurudisha mezani.

"Kesho asubuhi," akasema.

Kesho yake alikuja kwenye mstari. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alisema, "Niliwaambia Ndugu Shabani alikanyaga mafuta. Haikuwa kweli. Alikanyaga breki." Akampa ufunguo mbele yetu. Hakuna aliyepiga makofi, hatukuwa na desturi hiyo. Mzee Shabani akalisogelea gari, akalizunguka, akapangusa kioo kwa kiwiko, akaondoka kwenda Geita. Aliliendesha hadi alipostaafu. Mtaalamu wa kambi aliendelea kuvipanga vile vipande vya mwamba kwa miezi, na vingine havikupata mahali pake kabisa.

Fundi Mkuu hakuacha kutoa themostati. Alichobadilisha ni kwamba kabla ya kuitoa aliuliza gari lenyewe linapima nini. Likiwa lori la zamani, kopo. Likiwa la aina ile, aliirudisha na kuamuru lijazwe maji ya mvua tu. Siku moja nilimsikia akimfokea fundi mgeni, "Hilo linahesabu joto, ng'wanawane, usilichezee," akimwita mwanangu kwa Kisukuma, na akaniona nimesikia, akaniambia nikafagie, ingawa wakati huo nilikuwa msaidizi wake.

Baada ya hapo nilihamishwa mara kadhaa. Nilikaa kambini Geita wakati wachimbaji wadogo walipoanza kumiminika kila upande, nikatengeneza pampu zao za kutoa maji mashimoni zaidi kuliko nilivyotengeneza magari ya mradi. Nilirudi Shinyanga nikawa Mkuu wa Karakana, na vijana wakaanza kuniogopa, jambo lililonishangaza maana mimi niliwaogopa wao. Nilistaafu nikiwa bado nakagua nati mara mbili. Daktari ameniambia si ugonjwa.

Sasa naishi Kahama, na vijana wa gereji huniletea magari yao yenye kompyuta. Wanachomeka waya, kioo kinawaambia kosa, wanabadilisha kipuri, na mara nyingi gari linapona. Sina ugomvi na kioo hicho. Ningekuwa nacho wakati ule ningelala usingizi. Lakini juzi alikuja mmoja akaniambia sailensi ya gari la mteja inapanda, kioo hakioni kitu, na kwamba mwenye gari, mama mfanyabiashara, anasumbua tu, hajui gari.

Nikamwuliza, "Anasema linapanda lini?"

"Sikumwuliza, Mzee."

"Yuko wapi?"

"Nje. Kwenye benchi."

Nilimwambia amwite. Aliingia mama wa makamo, mkoba kifuani, tayari kwa ugomvi, akaniamkia kwa shingo upande. Nikamkaribisha kiti, nikamwomba anisimulie safari yake yote tangu alipowasha gari. Alinitazama kama Mzee Shabani alivyonitazama, akipima. Kisha akaweka mkoba chini, akaanza kueleza, na yule kijana, bila kuambiwa, akakata sauti ya redio.